Kivuli Chake Mwenyewe: Kucheza na Nuru Pamoja na Watoto Wadogo



Siku ya mwethya mnaijua. Saa moja asubuhi akina mama wamefika, majembe na sepeto ziko begani, na kazi ya kuchimba fanya juu inaanza kabla jua halijawa kali. Watoto je? Wale wakubwa wameenda shule. Wachanga wako mgongoni. Lakini kuna hawa wa katikati, wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambao wamekuwa wazito kubebwa na bado ni wadogo kwenda nasari. Hawa huwekwa chini ya mti pamoja na nyanya mmoja ambaye magoti yake hayawezi tena jembe, au wanaachiwa dada yao wa miaka minane ambaye siku hiyo amekosa shule kwa ajili hiyo. Wanaambiwa wakae. Hawakai. Wanafuata mama zao kwenye mitaro, wanachapwa kidogo, wanarudishwa, wanalia, na kazi inasimama.

Mambo ya nasari tumeyasikia miaka mingi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea, na hata vituo vya kulelea watoto vimetajwa humo. Lakini darasa la kwanza la chekechea, PP1, ni la mtoto wa miaka minne. Kabla ya hapo mtoto ni wa nyumbani, na siku ya kazi ni wa kikundi. Tusipofanya kitu sisi wenyewe, hakuna mwingine atakayefanya.

Sasa mtu atauliza: tutacheza na nini, na vifaa vya kuchezea hatuna? Ukame hautuachi na pesa ya mpira wala ya wanasesere. Ni kweli. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Mutomo hatujawahi kukosa, na mara nyingi tunakilalamikia. Ni jua. Na palipo na jua pana kivuli. Makala hii inaeleza jinsi ya kucheza na hivyo viwili pamoja na watoto wadogo, na kwa nini mchezo huo unaweza kukuonyesha jambo ambalo usingeliona kwa njia nyingine.

Kwanza tuelewane kivuli ni nini, kwa maana mtoto atauliza. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, haipindi kona. Ikikutana na mwili wa mtu, shina la mti au ukuta, inazuiwa, na nyuma yake panabaki mahali ambapo nuru haikufika. Hapo ndipo tunapaita kivuli. Kwa hivyo kivuli si kitu cha kushikika. Ni ukosefu wa nuru wenye umbo. Lugha yetu ya Kiswahili hapa inachekesha kidogo, kwa sababu kivuli cha mti tunachokalia na kivuli cha mtu kinachomfuata ni neno hilo hilo. Mtoto haoni tofauti, na kusema kweli tofauti haipo.

Usijaribu kumweleza hayo mtoto wa miaka miwili. Hataelewa, na si kosa lake. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, aliwauliza watoto wengi maswali kuhusu vivuli, na kitabu chake kilitoka mwaka 1927. Watoto wa karibu miaka mitano walimwambia kwamba kivuli cha kitu kinatoka nje, kwa usiku au chini ya miti, kikaja mpaka hapo. Wakubwa kidogo walidhani kivuli hutoka ndani ya kitu chenyewe. Ni karibu miaka tisa ndipo mtoto anaeleza vizuri kwamba nuru imezuiwa. Basi kazi yetu na hawa wadogo si kufundisha. Ni kuwapa nafasi ya kuona, kugusa, kukimbia na kutaja majina. Maelezo yatakuja baadaye yakute mtoto ameshaona.

Anza asubuhi. Jua likiwa limechomoza kwa dakika arobaini hivi, mtoto wa kimo cha sentimita 80 anakuwa na kivuli cha zaidi ya mita nne. Hebu fikiria! Huyu ambaye kila mtu anamzidi urefu, sasa ana miguu kama ya twiga. Msimamishe jua likiwa nyuma yake na umwonyeshe. "Huyu ni nani?" Inua mkono wake. Kivuli nacho kinainua. Mwache akimbie kukitoroka. Atageuka kuangalia kama kimebaki. Atakikanyaga, ataketi juu yake, atajaribu kukiokota. Wengine watalia mara ya kwanza. Huyo mbebe, mwonyeshe kivuli chenu nyinyi wawili mkiwa mmeshikana, kisha mteremshe polepole.

Kati ya saa tatu na robo na saa nne kuna wakati kivuli kinakuwa sawa na kimo cha mwenyewe. Mlaze mtoto chini juu ya kivuli cha mwenzake anayelingana naye, watacheka mpaka basi. Watu wa pwani wanaujua sana upimaji huu, kwa sababu wakati wa swala ya alasiri unahesabiwa kwa urefu wa kivuli. Na wazee wetu huku, kabla ya saa za mkononi, walijua wakati wa kurudisha ng'ombe kwa kuangalia jua na vivuli. Kwa hivyo hatuleti jambo geni.

Mchana kivuli kinajificha chini ya miguu. Muulize mtoto: "Kimeenda wapi?" Usimjibu. Mwache atafute.

Kwa wale wa chini ya mwaka mmoja, mchezo ni kulala tu. Tandika leso chini ya mkwaju au mti wowote wenye majani madogo, mlaze mtoto chali kidogo pembeni ili jua lisimpige machoni, umwache aangalie majani yakicheza. Na wewe mlezi angalia chini. Utaona madoa ya nuru ardhini, mengi yakiwa ya mviringo, ingawa nafasi kati ya majani si za mviringo hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu kila doa ni picha ya jua lenyewe. Nuru ikipita kwenye tundu dogo inachora chini sura ya kule ilikotoka. Siku jua likipatwa, madoa hayo yanakuwa kama mwezi mwandamo. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa lote kwa sekunde chache kule Turkana, na huku kwetu sehemu kubwa ililiwa jioni hiyo kabla halijatua. Siku ya namna hiyo, njia salama ya kuona ni kutoboa kadibodi tundu dogo, kulipa jua kisogo, na kuangalia picha yake ikianguka kwenye karatasi. Kuliangalia jua lenyewe, hata kwa miwani ya kawaida ya jua, kunaunguza ndani ya jicho. Na halichomi kama pilipili, haliumi, ndiyo maana watu hujua wakiwa wameshaharibika.

Sasa vifaa. Utashangaa ni vingapi viko tayari jikoni. Shika kiondo juani, kile kilichofumwa wazi wazi, uone ardhini kinavyochora. Kichungio cha chai nacho. Kopo la kimbo lililotobolewa matundu kwa msumari ni bora zaidi, lakini likunje kingo lisikate vidole. Karai lenye maji kidogo likiwekwa juani karibu na ukuta, nuru inaruka juu ya ukuta na kucheza. Mguse maji kwa kidole, yote inatetemeka. Watoto wa mwaka mmoja na nusu wanaweza kukaa hapo muda mrefu kuliko unavyofikiri. Ila nisikilize vizuri: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Mlezi akiinuka, hata kwenda tu kumfuta mwingine kamasi, karai limwagwe kwanza. Maji ni shida, najua. Yamwagieni mche.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni wa leso. Funga leso nyepesi kati ya miti miwili, jua likiwa upande wa pili. Mtu mmoja apite nyuma yake na watoto wabaki mbele. Wanaona umbo linapita: jembe, kikombe, kuku wa nyanya akibebwa. Wabahatishe. Kisha mtoto mmoja aende nyuma, wenzake wamwite. Mwendo ukiwa karibu na leso, umbo ni kali na unaona hata vidole. Ukirudi nyuma linafifia kingo. Hii ni kwa sababu jua si nukta, lina upana wake, na kila upande wake unatupa kivuli chake kidogo tofauti. Lakini hiyo ni ya kwako mlezi.

Jioni, nyumbani, mchezo unageuka. Taa iko karibu, si mbali kama jua, kwa hivyo mkono ukisogea kwenye taa kivuli ukutani kinakuwa kikubwa kama mlango, na ukisogea ukutani kinarudi kuwa kidogo. Hapo ndipo sungura, mbwa na tai wa vidole wanaingia. Nyanya wengi wanawajua hao wanyama kuliko mwalimu yeyote, na hadithi zake pia wanazo. Mama wa siku hizi ana simu. Susu ana vidole. Mpeni nafasi.

Ongeeni Kikamba. Narudia hili kwa sababu kuna wazazi ambao wakisikia neno "kufundisha" wanakimbilia Kiingereza. Mtoto wa miaka miwili anajenga maneno kwa lugha ya nyumbani, na mchezo huu umejaa maneno: kubwa na dogo, refu na fupi, mbele na nyuma, karibu na mbali, kimekuja, kimeenda. Mwambie syua likitoka, mwambie mwei likionekana. Akiwa na mambo hayo kichwani kwa lugha yake, Kiswahili na Kiingereza vitapata pa kushikilia.

Na tuache kumtisha mtoto kwa kivuli. Ile tabia ya kusema, "Lala, ona kile kitu ukutani kitakuchukua!" inafanya kazi usiku mmoja, halafu kwa miezi mtoto haendi chooni peke yake. Umri wa miaka miwili hadi mitatu ndio hofu ya giza huanza kujitokeza. Akiogopa umbo ukutani, chukua taa uisogeze, umbo litembee, umwonyeshe kwamba ni lile koti la baba. Kesho atalisogeza mwenyewe.

Kuhusu taa zenyewe. Koroboi isitumike kwa mchezo huu. Mtoto anayefurahi anarusha mikono, na koroboi ikianguka juu ya leso hakuna mchezo tena. Tumieni taa ya sola au tochi. Nyumba ambazo bado zina mafuta ya taa ziyaweke juu kabisa, na si ndani ya chupa ya soda, kwa maana mtoto hajui kusoma. Yeye anaona soda. Tochi za siku hizi zina mwanga mkali mno, kwa hivyo zielekezwe ukutani, kamwe si machoni. Na zile kalamu za leza zenye doa jekundu au la kijani ambazo zinauzwa sokoni kama kitu cha kuchezea, zisiingie nyumbani kabisa. Doa lile linaweza kutoboa uwezo wa kuona milele.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nilitaka hasa kuliandika.

Mtu anayecheza na mtoto kwa nuru anamtazama mtoto machoni kuliko siku nyingine yoyote. Na macho yana ya kusema. Mtoto wa miezi mitatu na zaidi, ukisogeza taa hafifu polepole mbele yake, anaifuata. Asipofuata, na ukijaribu tena siku nyingine akiwa ameshiba na hana usingizi bado hafuati, mpeleke kliniki. Macho mawili yanapaswa kwenda pamoja. Jicho likipinda ndani au nje baada ya miezi sita, hilo si urembo wala si la kungoja aache akiwa mkubwa.

Kuna dalili moja inayotakiwa kila mwanakikundi aijue. Mboni ya jicho, ile nukta ya katikati, inapaswa kuwa nyeusi. Ukiona katikati yake pana weupe, au pang'ae kama jicho la paka anapomulikwa usiku, hata kama inaonekana jioni tu, hata kama inaonekana ukiwa upande mmoja tu, au katika picha ya simu tu, usingoje. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao kwa wadogo unahitaji upasuaji mapema ili ubongo usikose kujifunza kuona. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Ikigunduliwa mapema inatibika na mtoto anaishi, mara nyingine hata na jicho lake. Ikichelewa inatoka jichoni inaenda kwenye ubongo. Na kwa kawaida anayeiona kwanza si daktari. Ni mama, ni nyanya, ni yule aliyekuwa akicheza naye. Kwa hivyo mama akisema ameona kitu, kikundi kisimwambie ni macho ya ukoo wao. Aende hospitali, hapa Mutomo au Kitui, na aombe kuonwa na mtu wa macho. Akiambiwa tu "ni kawaida" bila jicho kumulikwa, aombe tena, kwa heshima lakini bila kuondoka. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina sehemu ya macho. Achukue kitabu hicho.

Ya pili ni ya magharibi. Mkicheza jua linapotua, kuna mtoto ambaye mchana alikuwa mwepesi kama wenzake, lakini giza likianza kuingia anajikwaa, anapapasa, anakaa chini na hataki kucheza. Watu husema ana woga. Huenda haoni. Kutoona magharibi ni dalili ya kukosa vitamini A, na ukosefu huo ukiendelea unaweza kupofusha kabisa, tena unamfanya mtoto ashindwe na surua na kuhara. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kila baada ya miezi sita, kuanzia miezi sita mpaka mtoto afike miaka mitano. Wengi wetu tunamaliza chanjo na kusahau kwamba matone bado. Na shambani kuna majani ya kunde, mchicha, malenge, mapapai, maembe yakiwa msimu, na viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa ndani. Kunde tunapanda sote. Majani yake tunayaachia mbuzi. Yapikeni na mafuta kidogo, kwa maana vitamini hii haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

Tena kuhusu kikundi chenyewe. Haya yote hayatafanyika kama anayebaki na watoto anahesabiwa kuwa hakuja kazini. Nimeona daftari za vikundi ambamo mama aliyekaa na watoto kumi kutwa nzima ametiwa alama ya kutokuwepo na kulipishwa faini. Hiyo si haki, na tena ni hasara, kwa sababu mwezi ujao hakuna atakayekubali kukaa. Siku ya kulea iandikwe kama siku ya jembe. Wakae wawili wawili kwa zamu, na watoto wadogo hivi wasizidi wanne au watano kwa mlezi mmoja. Nyanya awe mmoja wa wale wawili, siyo awe peke yake. Na yule msichana wa miaka minane aende shule.

Vifaa viwekwe kwenye kiondo kimoja cha kikundi: leso kuukuu, kopo lililotobolewa, kichungio, tochi, na fimbo iliyonyooka ya urefu wa mita moja. Fimbo ni ya wakubwa, lakini wadogo watapenda kuizunguka. Isimike wima mahali pa wazi, muweke jiwe kila saa mwisho wa kivuli. Tarehe 15 au 16 Machi, na tena 27 au 28 Septemba, jua hupita juu kabisa ya Mutomo na fimbo haina kivuli. Lakini msiangalie saa sita kamili. Saa zetu za Kenya zimepangwa kwa mstari unaopita mashariki, kule Somalia, kwa hivyo jua linatufikia huku limechelewa: Machi ni kama saa sita na dakika thelathini na tano, Septemba ni kama saa sita na dakika kumi na nane. Mwenye kisima kirefu na achungulie wakati huo, yeye peke yake bila watoto, aone jua limefika majini.

Mwezi wa sita, adhuhuri, kivuli cha fimbo hiyo kitaelekea kusini, karibu sentimita 47. Mwezi wa kumi na mbili kitageuka kielekee kaskazini, karibu sentimita 40. Acheni mawe yale hapo mpaka Desemba mjionee, kama mbuzi hawatayasukuma.